Mwarobaini wa Lini?

Kibanda chenyewe kiko upande wa Eastlands, kimebanwa kati ya fundi wa viatu na mwanamke anayeuza mitumba ya watoto. Mezani kuna magome yaliyofungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli, mizizi ndani ya ndoo, na mifuko miwili ya unga wa mwarobaini. Unga wa mfuko wa kwanza ni wa kijani iliyofifia, kama sare ya shule iliyofuliwa muhula mzima. Wa pili ni wa hudhurungi, karibu na ugoro. Bei ni moja.

"Mama, huu mwarobaini ulichumwa lini?"

"Uliletwa Jumanne."

"Sawa, uliletwa Jumanne. Ulichumwa lini?"

Akaweka chini kijiko alichokuwa akipimia. "Kijana wangu, unataka dawa ama unataka historia?"

Waliokuwa wakingoja nyuma yangu wakaangua kicheko, nami nikacheka nao, maana jibu lilikuwa tamu kuliko swali. Lakini swali halikuwa la historia. Samaki tunamfunua matamvua kabla ya kulipa. Nyanya tunaibonyeza, parachichi tunalitikisa tusikie kama kokwa limeachana na nyama. Tukifika kwa mitishamba, jina la mti linatutosha. Tukishaambiwa "ni mwarobaini" tunatoa pesa, kana kwamba mwarobaini ni kitu kimoja mwaka mzima, jani na mbegu, wa jana na wa mwaka juzi.

Si kitu kimoja. Ili kuona ni kwa nini, inabidi kwanza tuusahau ugonjwa wetu kidogo tuutazame mmea wenyewe.

Mmea haujui kwamba wewe unaumwa. Ule uchungu, ule ukali na ile harufu tunayoiita dawa, mmea uliitengeneza kwa shida zake: kiwavi anayetafuna majani, kuvu anayenyemelea mizizi, mbuzi, jua kali, kiu. Kutengeneza kemikali hizo ni gharama. Sukari na naitrojeni inayotumika huko ingeweza kukuza tawi au kujaza mbegu. Kwa hiyo mmea hutumia kwa hesabu: huziweka pale penye hatari, wakati wa hatari, na mambo yakibadilika huzihamisha, huzigeuza kuwa kitu kingine au huacha kuzitengeneza. Anayechuma humkuta mmea katikati ya shughuli hizo. Akija mwezi mmoja baadaye atakuta shughuli nyingine.

Mama mboga yeyote wa Nairobi analijua hili bila kuingia maabara. Managu machanga ni matamu, lakini yaliyokwisha kutoa maua ni machungu, na mteja aliyezoea ataonja jani moja mbichi kabla ya kufungua pochi. Mihogo nayo ni vilevile, isipokuwa mihogo inaweza kuua. Mhogo una kemikali inayozalisha sayanaidi, na kiasi chake hupanda mmea ukibanwa na ukame. Mwaka 1981, katika mkoa wa Nampula kaskazini mwa Msumbiji, ukame ulipokutana na njaa, watu wakawa hawana subira ya kuuloweka na kuuanika mhogo mchungu siku zinazotakiwa. Zaidi ya watu elfu moja, wengi wao wanawake na watoto, wakapooza miguu. Ugonjwa huo huitwa konzo. Shamba lilikuwa lile lile. Msimu ndio uliokuwa mwingine.

Tuanze na majani, kwa sababu ndiyo yanayouzwa zaidi na ndiyo yanayobadilika haraka zaidi.

Mkulima wa chai wa Limuru au Kericho huchuma majani mawili na kichipukizi chake. Hafanyi hivyo kwa urembo. Kafeini na zile kemikali zinazokaza ulimi zimejaa kwenye ncha changa, kwa kuwa hapo ndipo pororo na ndipo mdudu angependa kuanzia. Kadiri unavyoshuka kwenye tawi, jani linakuwa gumu, linajilinda kwa nyuzi zake, na kemikali hazihitajiki tena kwa wingi ule. Kwa hiyo kwa chai, upya ndio nguvu.

Ukidhani sasa umepata kanuni, mnanaa utakuumbua. Mnanaa ule unaotoa mentholi, ile baridi ya kwenye peremende na dawa za kuchua, huanza na kemikali nyingine iitwayo mentoni. Jani likikomaa, mentoni inageuzwa kuwa mentholi. Ukichuma jani changa unapata harufu iliyo karibu na mnanaa lakini baridi yake haijafika. Ukichelewa mpaka maua yamefunguka, mafuta ya kwenye maua yanaingiza harufu nyingine kali isiyotakiwa. Wakulima wa mafuta ya mnanaa huvizia siku chache tu pale maua yanapoanza.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni artemisia, kwa sababu historia ya mmea huu ni hadithi ya watu waliokuwa na jani sahihi mikononi na bado wakalikosa. Mwaka 1967 serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria. Mtafiti Tu Youyou na wenzake wa Beijing walipitia maandiko ya kale, wakajaribu mimea mingi. Artemisia ilionyesha matumaini, kisha majaribio yaliyofuata yakaleta matokeo ya kukatisha tamaa. Alirudi kwenye maandiko ya Ge Hong, mganga wa karne ya 4, aliyeagiza konzi ya mmea iloweshwe majini, ikamuliwe na maji yake yanywewe. Ikamuliwe, si ichemshwe. Tu akahisi kwamba joto ndilo lililokuwa likiharibu, akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo. Mwaka 1971 dondoo lake liliwamaliza vijidudu vya malaria kwenye panya na nyani wa maabara, na mwaka 1972 wakaitenga kemikali yenyewe, artemisinini. Tuzo ya Nobel ikaja mwaka 2015.

Watu husimulia hapo kwenye etha wakaishia hapo. Sehemu inayotuhusu leo ni nyingine: timu ile iligundua pia kwamba kilichotakiwa kimo kwenye majani, wala si kwenye mashina yaliyokuwa yakichanganywa humo humo, na kwamba majani hayo huwa yamejaa zaidi mmea unapokaribia kutoa maua. Artemisinini hukaa ndani ya tezi ndogo sana juu ya jani, zisizoonekana bila hadubini. Tezi zikizeeka hupasuka. Mmea mmoja wa artemisia unaweza kuwa na artemisinini kidogo mno, karibu na hakuna, na mwingine ukawa na zaidi ya asilimia 1 ya uzito wa majani makavu. Mbegu ina sehemu yake katika tofauti hiyo, na wiki ya kuvuna ina sehemu yake.

Hiyo ni sababu moja iliyolifanya Shirika la Afya Duniani likatae kuunga mkono chai ya artemisia kama tiba ya malaria. Kikombe cha leo na kikombe cha kesho havifanani. Kiasi kidogo kisichotosha humwacha mgonjwa na vijidudu ambavyo vimeonja dawa bila kufa. Ukitoka mashambani na homa ukashuka stendi ya basi Nairobi, pima damu. Usiulize majani. Na usidanganywe na pua: harufu ile kali ya artemisia haitokani na artemisinini, hutokana na mafuta mengine yanayoruka hewani. Fungu linaweza kunukia chumba kizima na likawa tupu kwa upande wa malaria.

Artemisia inatufundisha jambo lingine ambalo vitabu vya ng'ambo havitatuambia. Mmea huu hupima urefu wa usiku. Kwao, siku za kiangazi huwa ndefu, nao hukua tu, ukarefuka na kutanuka. Mchana ukipungua chini ya saa 13 na nusu hivi, huona msimu unakwisha, ukaanza kutoa maua. Sasa uchukue mbegu hiyo uipande karibu na ikweta. Nairobi iko nyuzi moja na kitu kusini ya ikweta, na mchana wetu ni saa 12 na dakika chache, Januari mpaka Desemba, tofauti yake haifiki hata robo saa. Kwa artemisia, hapa ni msimu wa kufunga duka kila siku. Mbegu ya kawaida hutoa maua ikiwa bado fupi, majani machache. Ndiyo maana wanaolima artemisia ukanda huu hutafuta mbegu zilizochaguliwa kwa sababu zinachelewa kutoa maua.

Naona hapa ndipo ushauri mwingi wa mtandaoni unapotupoteza. Unasoma kwamba mizizi ichimbwe majani ya miti yanapopukutika, au maua yachumwe katikati ya kiangazi mchana ukiwa mrefu kuliko siku zote. Siku ipi hiyo, hapa Nairobi? Saa yetu ni mvua. Masika ya Machi hadi Mei, baridi kavu yenye mawingu ya Juni hadi Agosti, vuli ya Oktoba hadi Desemba, kisha jua la Januari na Februari. Anayetaka kuhamisha ushauri wa Ulaya kuuleta hapa inabidi aache mwezi aulize sababu: kule wanachimba mizizi wakati huo kwa nini? Kwa kuwa sehemu ya juu imekufa na mmea umerudisha akiba yake ardhini. Kwetu hali hiyo huja wakati wa ukavu, mvua zikiisha, si Septemba kwa kuwa kitabu kimesema Septemba.

Manjano yanaonyesha hili waziwazi. Yakipandwa mwanzo wa mvua, hukaa ardhini miezi 8 au 9 hivi, na alama ya kuvuna ni majani kugeuka njano na kulala. Kabla ya hapo tunguu ni maji mengi na rangi haijakolea. Tangawizi ina akili mbili: inayochimbwa mapema ni laini, haina nyuzi, nzuri ya achari, ya kukausha huachwa ikomae. Hata ikishachimbwa haijamaliza. Ukali wa tangawizi mbichi hutokana na jinjeroli. Ikikaushwa, sehemu ya jinjeroli hupoteza maji na kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Wale wanaosema tangawizi ya unga inaunguza koo kuliko mbichi hawajitungii, kemia iko upande wao. Kwa hiyo "kijiko kimoja cha tangawizi" ni maagizo mawili tofauti yaliyovaa jina moja.

Maua yana adabu yake, na waswahili wa visiwani waliijua kabla ya maabara yoyote. Karafuu tunayoitia kwenye pilau na kuing'ata jino likiuma si ua lililofunguka. Ni tumba. Wachumaji wa Pemba hupanda mkarafuu tumba zinapoanza kuacha ukijani na kuingia wekundu, kabla petali hazijafumbuka. Karafuu iliyokauka vizuri huwa na mafuta yanayofika asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eujenoli, ile inayolifisha jino ganzi. Likifunguka ua, thamani inashuka. Likiachwa mpaka liwe tunda, linaitwa mpeta, na huyo si mwenzake karafuu tena sokoni. Hata makonyo, vikonyo vinavyobaki karafuu ikichambuliwa, yana mafuta, ila yana soko lake na bei yake.

Pareto ni kinyume. Ua la pareto likichumwa tumba halina faida, kwa sababu sumu yake ya wadudu, piretrini, hujaa kwenye vijitunda vidogo chini ya kitovu cha ua, na vijitunda hivyo hujaa kadiri kitovu kinavyofunguka. Wachumaji wa Molo na Kinangop huangalia ile duara ya njano ya katikati: safu kadhaa za nje ziwe zimefunguka, za ndani bado. Kila baada ya wiki mbili hivi wanarudi shambani kwa yale yaliyofikia. Pareto si mtishamba wa kunywa, lakini nimeileta kwa sababu ndiyo zao letu ambalo mkulima alizoea kulipwa kwa kiasi cha kemikali kilichopimwa ndani, si kwa kilo peke yake. Unapolipwa kwa kilichomo, unajifunza haraka saa ya kuchuma. Muuza magome hulipwa kwa fungu.

Kuhusu magome nitasema machache, na kwa uchungu. Gome hubanduka kirahisi mvua ikinyesha, utomvu ukipanda, kwa hiyo wengi hubandua wakati huo. Saa hiyo imechaguliwa na panga, haikuchaguliwa na dawa. Mwiri, ule ambao gome lake husafirishwa kutengenezea dawa za tezi dume, uliwekwa chini ya ulinzi wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, mwaka 1995 kwa sababu ya kubanduliwa hovyo. Mti ukivuliwa gome pande zote hufa, na hapo hakuna tena la kuuliza kuhusu msimu.

Tuje kwenye saa ya siku. Kuna masharti ya waganga kwamba dawa ichumwe alfajiri kabla hujasemeshwa na mtu. Kuhusu kutosemeshwa sina la kusema. Kuhusu asubuhi, kwa mimea inayonukia, sharti lina mantiki: mafuta yanayonukia hukaa juujuu ya jani na jua la adhuhuri huyarusha. Lakini alfajiri penyewe kuna umande, na jani lenye umande likirundikwa guniani linaanza kuoza njiani. Kivumbasi, mchaichai na rozimari hupenda uje umande ukishakauka na jua halijachoma, tuseme saa tatu au saa nne asubuhi, siku ambayo haikutanguliwa na mvua. Mimea mingine ina ratiba yake. Asumini huchumwa tumba zikiwa zimefumba, zikafunguka jioni kichwani mwa mwenyewe, kwa sababu harufu yake ni ya kuwaita wadudu wa usiku. Kiasi cha mofini kwenye utomvu wa mpopi, mmea wa kasumba, nacho hupanda na kushuka ndani ya siku moja.

Halafu kuna kosa linalofuta hesabu zote hizi: kudhani kwamba mmea ukikatwa umekufa. Ukikatwa haujafa. Seli bado zinapumua, vimeng'enya bado vinafanya kazi, na vinaweza kubomoa kwa siku mbili kile ambacho mmea ulikijenga kwa miezi. Nairobi ina somo la hili linalopita barabarani kila siku kwa mwendo wa kutisha. Kwa nini gari la miraa linakimbia vile? Kwa sababu kathinoni, kemikali inayomchangamsha mtafunaji, ipo kwa wingi kwenye matawi machanga mabichi, na inaanza kugeuka kuwa kathini, iliyo dhaifu zaidi, mara tawi linaponyauka. Baada ya siku mbili hivi mteja anasema hii ya jana, halipi. Majani ya mgomba yanayofungiwa vifurushi huko mjini Maua, Meru, hayakuwekwa kwa urembo. Yanazuia tawi lisikauke. Tena mikataba ya dunia ya dawa za kulevya inaiweka kathinoni katika kundi lenye masharti makali kuliko yote, na kathini katika kundi lenye masharti mepesi kuliko hilo. Tawi moja linabadilisha kundi la kisheria likiwa njiani kuja Eastleigh.

Dereva wa miraa anapigana na saa. Wanaoanika mitishamba Nairobi wanapigana na Julai. Mwezi huo mawingu hayaondoki, hewa ni nzito, na majani yaliyotandazwa juu ya mabati yanaweza kukaa siku nyingi yakiwa nusu mabichi. Hapo ndipo kuvu huingia. Wakenya hatuhitaji kuhubiriwa kuhusu sumukuvu. Mwaka 2004 mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yaliua watu 125 kati ya 317 walioripotiwa kuugua, wengi wao Ukambani. Mizizi na mbegu za dawa hushikwa na kuvu wa aina hiyo hiyo. Lakini jua kali nalo si rafiki wa kila kitu. Azadiraktini, kemikali ya mwarobaini iliyotambuliwa mwaka 1968 na wanasayansi waliokuwa wakiangalia ni kitu gani kinamfanya nzige wa jangwani agome kula, huharibiwa na mwanga wa jua. Kivuli chenye upepo, majani yametandazwa pembamba, ndiyo njia ya wengi wanaojua kazi. Chumba changu cha ziada kilinukia kivumbasi wiki nzima nilipojaribu, na mke wangu akaniuliza kama nimefungua kilinge.

Sasa turudi kwenye mifuko miwili. Rangi yake ilinieleza zaidi kuhusu kuanika kuliko kuchuma: ule wa kijani huenda ulikaushwa upesi kivulini, ule wa hudhurungi ulichelewa kukauka, ulipigwa jua au ulikaa sana. Lakini hata ule wa kijani, kama mtu aliutaka kwa ajili ya azadiraktini, amenunua sehemu isiyo yenyewe. Azadiraktini imejaa kwenye mbegu, na mbegu nzuri hutoka kwenye tunda linaloacha ukijani na kuingia njano, si ile iliyoanguka ikalala kwenye matope. Majani yana uchungu wake na kemikali zake nyingine. Na asije mtu akaharakisha kwenda kwenye mbegu kwa kuwa zina nguvu: mafuta ya mbegu za mwarobaini yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wengi wanaouliza saa bora ya kuchuma. Wanatafuta dawa kali kuliko zote. Mimi nadhani jambo la kutafuta ni dawa inayofanana na ya juzi. Daktari mmoja Mwingereza, William Withering, alilielewa hilo mapema. Mwaka 1775 aliombwa maoni kuhusu dawa ya kuvimba mwili ambayo bibi mmoja wa Shropshire aliitunza kama siri ya familia, mchanganyiko wa mimea zaidi ya 20. Akatambua kwamba unaofanya kazi ni mmoja tu, mmea uitwao digitalisi. Digitalisi hutibu moyo kwa kiasi fulani, na kiasi kikizidi kidogo huusimamisha. Withering alianza na mizizi, akahamia kwenye majani, akaona kipimo kinachofaa kinabadilika sana kwa msimu. Alipochapisha uzoefu wake mwaka 1785, ushauri wake haukuwa mchume yakiwa makali zaidi. Ulikuwa: chumeni kila mwaka mmea ukiwa katika hali ile ile, unapotoa maua, na mkaushe kwa uangalifu, ili kipimo kijulikane.

Kila "kunywa kikombe asubuhi na jioni" tunachoambiwa kibandani kina dhana hiyo ndani yake, kwamba kikombe ni kikombe. Bibi aliyekuwa akichuma mti ule ule nyuma ya nyumba, msimu ule ule, kwa mkono ule ule, angeweza kusema hivyo na akawa karibu na kweli. Gunia likitoka Kibwezi kwa lori, likachanganywa sokoni na gunia la Kilifi, likasagwa pamoja na salio la mwaka jana, kikombe kimekuwa bahati nasibu. Simlaumu muuzaji. Naye aliuziwa hivyo hivyo.

Nilirudi wiki kadhaa baadaye. Safari hii nilitaka muthiga, mti wa dawa wenye gome kali, na muthiga ni rahisi kidogo kwa mtu kama mimi, kwa sababu ukali wake unaunguza ulimi na ukali huo huo ndio kemikali yenyewe. Wanakemia walioutenga miaka ya 1970 walikuwa wakitafuta kinachomfukuza kiwavi jeshi. Kwa artemisia ulimi na pua vinadanganya. Kwa muthiga vinasaidia.

Mama alinikumbuka. Akaniita mtu wa historia. Akavunja kipande cha gome, akanipa nikitafune kidogo. Kikawa kama pilipili iliyochelewa, kimya kwanza, kisha moto mpaka kooni.

"Hili limekuja na nani?" nikauliza, nikihema.

"Na kijana wangu wa Nyeri, amelitoa Jumamosi. Upande mmoja wa mti tu, nilimwambia."

Kando yake kulikuwa na mkebe wa unga wa muthiga. Nikachovya kidole, nikaonja. Vumbi.

"Na huu?"

Alifunika mkebe, akausogeza nyuma ya ndoo ya mizizi.

"Huo ni wa wale hawaulizi."